Jinsi ya kumfikisha mtu wa kitimwendo mpaka kwenye mafunjo ya ziwani (Mwanza na kando ya Ziwa Victoria)

Watu wanaotembelea kitimwendo au magongo wakipelekwa matembezi ziwani mara nyingi wanaishia kukaa kwenye gari, kioo kimeshushwa, wenzao wanashuka mpaka majini wanarudi wanasimulia. Hii kitu inaniuma sana. Shangazi yangu anatumia kitimwendo na anapenda ndege kuliko mtu yeyote ninayemjua, kwaiyo haya ninayoandika nimeyajua kwa kuzunguka naye. Anaweza kufika. Sio kila sehemu, na sio kwa kukurupuka asubuhi bila maandalizi, ila anafika mpaka pale mafunjo yanapompita kichwa kulia na kushoto na chini yake kuna maji, na hapo ndo nataka na wewe umfikishe mtu wako.

Kwanza tuelewane unaenda kuona nini, maana ukitafuta kwenye intaneti habari za njia za mbao kwenye vinamasi utaletewa picha za Canada, Finland na Ireland, na kinamasi cha kule sio hiki chetu. Kule wana ardhi inayopata maji ya mvua peke yake, hakuna mto unaoingia, maji yana tindikali, juu inaota kuvumwani laini aina ya sfagnamu ambayo ikifa haiozi vizuri, inajilundika chini kama milimita 1 kwa mwaka mpaka baada ya maelfu ya miaka inakuwa tabaka nene la mboji, na kwa kuwa rutuba ni ndogo kuna mimea inayokula wadudu kabisa. Wenyewe wakajenga njia za mbao kwa sababu mguu unazama, na pia kwa sababu kuvumwani ikishakanyagwa inachukua miaka kurudi. Huku kwetu mfalme ni mafunjo. Yanaota mpaka mita 4 au 5, yanapata maji ya mto na ya ziwa, mizizi yanashikana na kufanya sakafu inayoelea, na yakifa na yenyewe yanajilundika chini yanakuwa mboji. Ukikanyaga unaona kabisa imeshikana, hatua ya tatu unaingia mpaka kiunoni. Sasa kama mtu mwenye miguu yake anazama, tairi nyembamba za kitimwendo ndo usijaribu hata kidogo, hakuna njia ya mbao au gati basi mnaangalia mkiwa nchi kavu.

Kuhusu wapi pa kwenda. Njia ya mbao yenyewe hasa, ya kuingia ndani ya mafunjo, iko Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu upande wa Kenya, na ni eneo linalojulikana kimataifa kwa ndege. Kutoka Mwanza unapita Magu, Bunda, unavuka mpaka Sirari, ni safari ya siku nzima na mtu wa kitimwendo mlaze Kisumu siku hiyo, msimpeleke kinamasini akiwa amechoka na barabara. Kabla hujafunga safari piga simu uongee na mtu aliyeko pale pale ufukweni, umuulize maji yamefika wapi leo na mbao zikoje leo, sio mwaka jana, kwa sababu ziwa hili linapanda na kushuka, 2020 na 2024 lilipanda mno likameza fukwe na magati pande zote tatu, Tanzania, Kenya na Uganda. Njia ya mbao iliyokaa chini ya maji miezi kadhaa inaoza chini huku juu inaonekana nzima.

Kwa hapa Mwanza tunatumia mialo, zile fukwe mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga. Luchelele, Igombe, Kayenze, na upande wa Sengerema ambako siku hizi ni rahisi zaidi kufika na kitimwendo tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi lifunguliwe 2025, kilomita 3 unapita ndani ya gari, zamani kwenye kivuko ilikuwa kushuka, kusukuma, kupanda, na watu wanakupita mbio. Kinachotafutwa kwenye mwalo ni vitu vitatu tu, barabara inayofika karibu na maji, ardhi ngumu au zege pale wanapopakulia samaki, na kama kuna gati la mbao lililo imara. Mafunjo na matete mara nyingi yanakuwa pembeni tu ya hapo. Wilayani Magu barabara ya Musoma inapovuka mto Simiyu napo kuna uoto mzuri wa majini ila usisimame darajani, malori yanapita kasi, tafuta pembeni mbali na barabara.

Saanane watu wengi wataniuliza. Ni kisiwa kizuri, hifadhi ya taifa tangu 2013, jina la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi pale, na dakika chache tu kwa boti kutoka Capri Point. Ila Saanane ni mawe na vilima, sio kinamasi, na kupanda na kushuka boti na kitimwendo kunahitaji watu wenye nguvu. Kama mtu wako anapenda wanyama na hajali kubebwa mpeleke, ongea na askari wa hifadhi mapema. Kwa mafunjo nenda kwingine.

Sasa jambo ambalo naomba usiliruke: nenda mwenyewe kwanza, bila yeye, siku moja au mbili kabla, na futi kamba mfukoni. Vipimo ni hivi. Kitimwendo cha kawaida kina upana wa kama sentimita 65, kwaiyo njia iwe na sentimita 90 wazi kabisa bila misumari wala nguzo inayoingilia, na sehemu ya kugeuzia au kupishana iwe mita 1 na nusu, la sivyo mkifika mwisho itabidi arudi kinyumenyume njia nzima na hilo linatisha. Angalia mbao zimelazwaje, ziwe zinakatiza njia, kwa sababu zikilazwa kwa urefu kufuata njia tairi ndogo ya mbele inaingia kwenye upenyo na kiti kinasimama ghafla na mtu anarushwa mbele. Upenyo kati ya ubao na ubao usizidi milimita 13, yaani kidole gumba kisiingie. Pembeni kuwe na kingo hata ya sentimita 5 mpaka 10 ya kuzuia tairi isitoke. Kama kuna ngazi au kizingiti, hesabu ya mteremko ni 1 kwa 12, maana yake kizingiti cha sentimita 20 kinataka ubao wa urefu wa sentimita 240, mfupi zaidi ya hapo mteremko unakuwa mkali na anayesukuma atachoka au atashindwa kumzuia akiwa anashuka. Hata ubao wenyewe mnaweza kubeba, mbao 4 za inchi 8 zimefungwa pamoja kwa vipande vya mbao chini, zinaingia juu ya keria ya Noah bila shida.

Alafu ruka juu ya zile mbao. Kweli, ruka, tembea kwa kukanyaga kwa kisigino, kwa sababu mtu na kiti na wewe unayesukuma wote mko juu ya ubao mmoja kwa wakati mmoja, na uzito unashuka kwenye tairi mbili nyembamba. Ubao unaodunda mno au unaotoa sauti ya kuoza, mwambie mwenye eneo. Gati nyingi zimejengwa kwa ajili ya wavuvi wanaoruka kutoka kwenye mtumbwi, hazikujengwa zikimfikiria mtu wa kitimwendo, wakati Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu 2010. Siku moja nitaona njia ya mbao ya kweli hapa Mwanza, naamini, maana mafunjo tunayo, mbao tunazo na mafundi wa mitumbwi wapo.

Ukiwa hapo hapo siku ya kukagua muone mwenyekiti wa BMU, wale wanaosimamia rasilimali za uvuvi kwenye mwalo. Salimia vizuri, kama ni asubuhi "mwangaluka" ya Kisukuma inafungua mlango kuliko Kiswahili cha mjini, mueleze unamleta nani na anaweza kufanya nini mwenyewe. Usiingie na kamera shingoni ukaanza kupiga picha akina mama wanaoanika dagaa. Watu wa mwalo wakishajua wanakusaidia kwa moyo, watakwambia pia kiboko amelala wapi jana, na hiyo habari hutaipata kwingine.

Msimu. Masika ya Machi mpaka Mei tope ni jingi na mbao zinateleza, vuli ya Oktoba mpaka Desemba hivyo hivyo, mi napenda Juni mpaka Agosti, ardhi imekauka na jua sio kali sana. Fika saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, ziwa limetulia, ndege wanaongea wote kwa pamoja, mkiondoka saa 3 na nusu mmeshaona kila kitu. Mchana upepo unaanza na jua linaakisi majini linachoma uso kutoka chini, jioni mbu. Mkisikia radi hata ya mbali geuzeni mrudi, ziwa letu ni moja ya sehemu zenye radi nyingi duniani na nyie mko juu ya maji mmeshika chuma.

Usafiri, bajaji inatosha kama kiti kinakunjwa na safari ni fupi, ila kwa barabara za vumbi za kwenda mialoni kodi Noah, mkae vizuri, kiti kiingie nyuma. Kirikuu sio kwa mtu. Siku moja kabla angalia upepo wa tairi, kama ni za tyubu punguza kidogo tu ukifika kwenye mchanga maana tairi laini haizami haraka, na beba pampu ya baiskeli na vifaa vya pancha, miiba ya kando ya ziwa haina huruma. Kaza nati zote. Beba glavu za yule anayejisukuma mwenyewe, kanga 2, maji ya kunywa, kofia, dawa ya mbu, na kamba ya mita kama 5. Vitafunwa, sisi tunabeba michembe na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, havimwagiki na havivuti inzi, samaki mtakula baadae kwa mama lishe.

Namna ya kusukuma, hapa wengi wanakosea kwa kutojua tu. Kwenye mchanga au nyasi geuza kiti, mvute kinyumenyume, ili tairi kubwa zitangulie, zile ndogo za mbele ndo zinazozama. Kama njia ni fupi unaweza kukanyaga kile kichuma cha nyuma ukainua tairi za mbele ukasukuma kwa tairi kubwa mbili, ila mwambie kabla hujamlaza. Mteremko wa kushuka majini shuka naye kinyumenyume, wewe unatangulia chini yeye anaangalia juu, mwili wako ndo breki. Juu ya gati mtu mmoja nyuma, mmoja anatangulia mbele anaangalia mbao, na mkisimama funga breki kila mara hata kama ni sekunde kumi, mbao nyingi zimeinama kuelekea majini bila macho kuona. Usimfunge kwenye kiti kwa kamba au mkanda mkiwa juu ya maji, kiti kikianguka kinazama naye. Mvalishe jaketi la kuokolea, na kama mnakaa kwenye gati muda mrefu pigeni picha, chekeni, lakini mkono mmoja uwe kwenye kiti. Na muulize yeye. Anayekaa kwenye kile kiti kila siku anajua kinapofika ukomo wake, sio wewe, asipotaka kwenda mbele zaidi mnaishia hapo na hakuna kubembelezana.

Habari za mwili watu wanaona aibu kuziandika. Choo kwanza. Vyoo vya mialoni vingi ni vya kuchuchumaa na mlango mwembamba, kwaiyo pitieni kwenye hoteli au kituo cha mafuta chenye choo cha kukaa kabla hamjaacha lami, na bado beba ndoo yenye mfuniko na kanga za kuzungushia. Mtu asinyimwe maji ya kunywa eti asisumbue, hiyo nimeiona na ni vibaya, jua la ziwani linakausha mtu haraka. Pili, wengi wenye jeraha la uti wa mgongo hawana hisia miguuni, hawatajua kama chuma cha kiti kimepata moto juani kinawaunguza, wala kama siafu wamepanda, wala kama kiatu kimebana. Angalia miguu yake wewe, na kila nusu saa ajiinue kidogo au mumsaidie kujiinua ili damu ipite makalioni, kidonda cha kukaa kinaanza kimya kimya na kinachukua miezi kupona.

Kichocho kipo, na kipo hasa sehemu kama hizi zenye majani na maji yaliyotulia kwa sababu konokono wanaokibeba wanapenda hapo. Vimelea vinaingia kwenye ngozi vyenyewe, bila jeraha. Kwaiyo hakuna kuning'iniza miguu majini, hakuna kunawa na maji ya pembeni ya gati, na tairi zikilowa ndo anayejisukuma analowesha mikono, zile glavu kazi yake ni hapo. Aliyegusana sana na maji aende kituo cha afya akapime, wenye tatizo wanapewa prazikwanteli. Kiboko na mamba wapo pia, hawatabiriki, kaa mbali na vichochoro vilivyolazwa majani kuingia majini maana hizo ni njia za kiboko kupandia malisho, na mtu wa kitimwendo hawezi kukimbia kwaiyo umbali wenu uwe mara mbili ya ule wa watu wengine. Kenge mkubwa mtamwona bila shaka, atakimbia yeye.

Haya, mmefika, breki imefungwa, kaeni kimya dakika kumi bila simu. Watu wanakosa kila kitu kwa sababu wanafika wanaongea. Furukombe atasikika kabla hajaonekana, ile sauti ya kucheka huku kichwa amekirusha nyuma. Mnandi anakausha mabawa juu ya nguzo. Mdiria mweusi na mweupe anasimama hewani juu ya maji, anapiga mbawa pale pale, anajitupa. Juu ya majani ya yungiyungi angalieni ndege wa kahawia mwenye vidole virefu kupita kiasi, anatembea juu ya majani bila kuzama. Ndani ya mafunjo yenyewe kuna ndege ambao hawaishi kwingine zaidi ya kwenye mafunjo, mmoja kifua chekundu, mgongo mweusi na utosi wa njano, huyo ukimpata umepata, wageni wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kumtafuta huku ziwani. Nzohe, yule swala mwenye kwato ndefu za kutembelea kwenye tope, kwa Tanzania upande huu mfuate kisiwa cha Rubondo.

Na chini ya maji kuna habari nyingine ambayo mi huwa namwambia kila ninayemleta. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi, sangara akapandikizwa miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 amezaliana akawamaliza wengi, aina nyingi hazijaonekana tena. Waliobaki, baadhi wamejificha kwenye vinamasi kwa sababu kule hewa ya oksijeni kwenye maji ni kidogo, sangara hawezi kuvumilia, furu anaweza. Kamongo naye yumo, anapanda juu kuvuta hewa kwa mapafu, mkisikia "plopu" kwenye maji yaliyotulia inaweza kuwa yeye. Kwaiyo mafunjo mnayoyaona yanakatwa na kuchomwa ili kupanda mpunga na mboga, yakiondoka yanaondoka na hawa. Pia ndo yanayochuja uchafu na udongo kabla haujaingia ziwani, ndo maana sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni.

Kama mnaye mtu asiyeona, mafunjo ni mazuri kwake kuliko karibu kitu chochote. Mpe shina alishike, lina pembe tatu sio duara, apapase nyuzi za kichwani, asikie upepo unavyopita kwenye mafunjo na unavyopita kwenye matete, ni sauti tofauti. Mwelezee kwa maneno kilichopo kushoto na kulia na mwambie gati linaishia wapi kabla hajapiga hatua ya kwanza. Chukua shina moja lililoanguka, usikate.

Mkirudi nyumbani osha tairi kwa maji ya bomba siku hiyo hiyo, kausha, toa nyasi zilizojisokota kwenye ekseli za tairi ndogo, weka grisi, mchanga wa ziwani unakula beringi ndani ya wiki. Angalia ngozi yake ya makalio na visigino kabla hajalala, pakiwa pekundu na wekundu hauondoki ndani ya nusu saa asikalie hapo mpaka patulie. Na ule ubao uliouona umelegea, mpigie yule mwenyekiti wa BMU umwambie ni wa ngapi kuhesabu kutoka nchi kavu, ukiweza mtumie na hela ya misumari.